Kabla hujabadilisha hedifoni na maikrofoni, tazama kwanza tundu la simu yako

Nenda leo kwenye duka lolote la simu, au kwenye meza ya vifaa vya simu siku ya gulio, uulizie spika za masikioni. Kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kikasha kidogo chenye spika mbili zisizo na waya. Utaambiwa hizo ndizo za kisasa, na kwamba za waya zimepitwa na wakati. Pembeni yake pataning'inia maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, nayo haina waya, na utaambiwa kuwa ukiipata hiyo sauti yako itakuwa kama ya mtangazaji.

Wasikilizaji wetu wengi wamenunua, na baadaye maswali yanatufikia. Nimenunua hedifoni nzuri kuliko za zamani, mbona redio ya kwenye simu haishiki tena? Nimenunua maikrofoni, mbona ujumbe wa sauti ninaowatumia ni ule ule wa mwanzo?

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja. Ni tundu dogo la duara kwenye simu, lenye upana wa milimita 3.5, ambalo kampuni za simu zimekuwa zikiliondoa. Katika makala hii tunaeleza lilivyoondoka, linachotugharimu sisi tunaosikiliza redio vijijini, na namna ya kuchagua hedifoni na maikrofoni za nyumbani bila kupoteza hela wala redio yako.

Tundu lilivyoondoka

Septemba 2016 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza simu ya iPhone 7, ambayo haikuwa na tundu la hedifoni. Mkuu wake wa masoko wakati huo, Phil Schiller, alisema jukwaani kwamba sababu ya kuliondoa ni neno moja: ujasiri. Siku hiyo hiyo Apple ilitangaza AirPods, spika zake za masikioni zisizo na waya. Kwa maneno mengine, aliyeziba tundu ndiye aliyekuwa na bidhaa ya kuuza mahali pake.

Kampuni nyingine ziliicheka Apple kwanza, kisha zikafuata. Samsung iliondoa tundu kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019 na kwenye Galaxy S20 mwaka 2020. Hizo zilikuwa simu za bei kubwa, na wengi wetu hazikutugusa. Lakini jambo hili limekuwa likishuka ngazi. Galaxy A15, simu ya bei ya kawaida iliyotangazwa mwishoni mwa 2023, ilikuwa na tundu. Mrithi wake, Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, haina. Simu nyingi za bei nafuu bado zinalo, ila huwezi tena kununua simu mpya kwa kudhani tu kwamba tundu lipo.

Sababu zinazotolewa na kampuni zina ukweli ndani yake. Tundu linachukua nafasi ambayo ingetumiwa na betri au vifaa vingine, na ni mlango mmoja zaidi wa maji na vumbi. Zisizo na waya nazo zina faida zake. Mtu anayepalilia au kukamua ng'ombe hana waya wa kunasa kwenye mpini wala kwenye kamba. Hatusemi ni kitu kibaya. Tunasema bei yake haiishii kwenye ile uliyomlipa muuzaji.

Waya ule ulikuwa antena

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kwenye simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa spika za masikioni ndio antena ya redio. Ndiyo maana ukifungua redio bila kuchomeka waya, simu inakuandikia uchomeke kwanza.

Sababu yake ni vipimo. Redio ya FM hutumia masafa ya megahezi 88 hadi 108. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa takriban mita 3. Antena inayonasa vizuri wimbi la namna hiyo huhitaji urefu wa karibu robo yake, yaani sentimita 70 hadi 85. Simu yenyewe ina urefu wa sentimita 15 au 16, haitoshi. Waya wa spika za masikioni huwa na urefu wa zaidi ya mita moja. Watengenezaji waliona waya uko tayari mkononi mwa msikilizaji, wakautumia.

Spika zisizo na waya hazina cha kukopesha. Zinazungumza na simu kwa bluetooth, mawimbi mengine kabisa, na haziwezi kunasa FM kwa niaba ya simu. Kwa hiyo aliyetupa waya wake wa zamani amejiondolea redio bila kujua. Simu iliyotengenezwa bila tundu mara nyingi huwa haina redio ya FM kabisa. Zipo chache zinazoweza kutumia waya wa tundu la chaji kama antena, na vipo vitochi vyenye antena ndani kwa ndani, lakini hilo ni la kujaribu dukani kabla ya kulipa.

Kama tayari umenunua zisizo na waya na simu yako ina tundu, kuna njia. Tafuta spika za masikioni za zamani, hata kama upande mmoja au pande zote mbili zimekufa, mradi waya haujakatika karibu na pini. Zichomeke. Redio itapata antena yake. Kisha ndani ya programu ya redio chagua sauti itokee kwenye spika ya simu. Baadhi ya simu zitakuruhusu hata kuipeleka kwenye bluetooth.

Si jambo dogo

Mtu atasema: redio siku hizi iko kwenye intaneti, FM ya nini? Tupige hesabu. Redio inayorushwa kwa intaneti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho ni cha chini, hula karibu MB 29 kwa saa. Ukisikiliza saa mbili kwa siku, mwezi mzima umekula GB 1.7. Kituo kikirusha kwa kilobiti 128, hesabu hiyo inazidishwa mara mbili. FM haili bando hata kidogo, na inakula chaji kidogo kuliko intaneti. Kwa anayechaji kwa sola ndogo au kwa kulipa kibandani, hilo nalo ni hela.

Tena intaneti hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota au kupotea Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Siku nane tu kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani ya Tanzania. Hebu fikiri mambo hayo mawili yangetokea kwa saa moja. Tahadhari ya kimbunga ingekufikia kwa njia gani kama redio yako ipo kwenye intaneti pekee?

Nchi nyingine zimejiuliza hilo. Septemba 2017, baada ya vimbunga vitatu vikubwa kuipiga Marekani na visiwa vyake, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, Ajit Pai, aliitaka Apple ifungulie redio ya FM kwenye simu zake. Apple ilijibu kwamba iPhone 7 na iPhone 8 hazina kifaa cha FM wala antena yake, hivyo hakuna cha kufungulia. Aprili 2023 serikali ya India iliwashauri watengenezaji wa simu wahakikishe redio ya FM haizimwi kwenye simu wanazouza, ikitaja watu wa kipato cha chini na nyakati za maafa. Ule ulikuwa ushauri na si sheria, lakini angalau jambo lilisemwa.

Kuchagua hedifoni za nyumbani

Tukija sokoni, anza na simu, kisha ndiyo uangalie hedifoni.

Kama simu yako ina tundu la duara, nunua za waya zenye pini ya duara. Kwa hela ile ile, za waya karibu kila mara zina sauti bora, kwa sababu hela yote imeingia kwenye spika na waya. Kwenye zisizo na waya, hela hiyo inagawanywa kwa betri tatu, saketi za bluetooth na kikasha.

Tazama pini vizuri na uhesabu pete nyeusi. Pete mbili maana yake ni hedifoni za kusikilizia tu. Pete tatu maana yake zina maikrofoni pia. Kuna hedifoni za zamani ambazo mpangilio wa nyaya zake kwenye pini ya pete tatu ni tofauti na unaotumiwa na simu nyingi leo. Ukizichomeka, sauti ya mwimbaji hufifia kama anaimba ndani ya pipa, na ukibonyeza kitufe cha maikrofoni ndipo inarudi. Hizo si mbovu, ila hazioani na simu yako. Ziache.

Kama simu yako haina tundu la duara, utahitaji hedifoni zenye pini ya Type-C, au kiunganishi kidogo cha kutoka Type-C kwenda tundu la duara. Hapa wengi huliwa. Muziki ndani ya simu umehifadhiwa kama namba, na lazima kuwe na saketi ya kugeuza namba ziwe sauti. Baadhi ya simu hufanya kazi hiyo zenyewe na kutoa sauti iliyo tayari kupitia tundu la Type-C. Nyingine hutoa namba, zikitegemea saketi iwe ndani ya kiunganishi. Viunganishi vya bei ya chini kabisa mara nyingi havina saketi hiyo. Matokeo yake kiunganishi kinapiga kwenye simu ya jirani, kwako kimya. Dawa ni moja: nenda na simu yako dukani, chomeka, sikiliza, ndipo ulipe.

Usidanganyike na ukubwa wala sifa ya studio. Hedifoni za kitaalamu huandikwa kipimo cha omu, alama yake Ω. Simu huziendesha vizuri zenye omu 16 hadi 32. Hedifoni maarufu za studio za Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hutengenezwa za omu 32, 80 na 250. Ukichomeka za 250 kwenye simu, utapandisha sauti hadi mwisho na bado utasikia kama redio ya nyumba ya tatu. Chombo ni kizuri, ila simu haina nguvu ya kukisukuma.

Kama unarekodi nyumbani, chagua zinazofunika sikio na zilizozibwa kwa nyuma. Zenye matundu kwa nyuma hutoa sauti nje, na maikrofoni itainasa.

Kwa wanaochagua zisizo na waya, mambo matatu. Kwanza, herufi ANC na ENC kwenye boksi si kitu kimoja. ANC hupunguza kelele zinazofika sikioni mwako. ENC hupunguza kelele zinazofika kwa unayempigia. Muuzaji akikuambia ENC itakuzuilia kelele za mashine ya kusaga usizisikie wewe, amekosea au anakudanganya. Pili, betri. Zile ndogo za sikioni zina betri zilizozibwa kwa gundi ambazo fundi wa kawaida hawezi kuzibadili, na zikichoka umebaki na plastiki. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo vya namna hii lazima ziweze kutolewa na mtumiaji, isipokuwa vichache vilivyoruhusiwa. Kwetu hakuna kanuni ya namna hiyo, hivyo hesabu kwamba zina umri wake. Tatu, zichague zinazochajiwa kwa Type-C. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu, hedifoni na spika ndogo zinazouzwa Ulaya lazima zichajiwe kwa Type-C, na watengenezaji wengi wanaelekea huko duniani kote. Kwenye nyumba yenye sola moja, waya mmoja wa kuchaji vyote ni nafuu kubwa.

Masikio hayana spea

Kubadili hedifoni kwa wengi maana yake ni kutafuta sauti kubwa zaidi. Hapo tunaomba usimame kidogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema Machi 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa na wa muda mrefu. Usikivu unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

Kinachoumiza ni ukubwa wa sauti pamoja na muda. Kipimo salama cha WHO kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, saa zile 40 zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, zinabaki dakika 20. Nyumbani huna kipimo, lakini ushauri rahisi wa WHO ni usipite asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya simu. Kama hapo husikii vizuri kwa sababu ya kelele, shida ni kelele inayoingia. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri zitakusaidia kuliko kuongeza sauti. Kwa watoto, shusha zaidi. Na usivae spika za waya huku simu iko kwenye chaja ya kubahatisha. Chaja mbovu inaweza kupitisha umeme hadi masikioni.

Maikrofoni: ukaribu kwanza, bei baadaye

Sasa swali la pili. Redio ya leo haisubiri barua wala simu ya kupigwa peke yake. Vituo hupokea ujumbe wa sauti kutoka kwa wasikilizaji, kwaya hutuma nyimbo, wakulima hueleza hali ya mashamba. Ujumbe usiosikika vizuri hauendi hewani, hata kama una habari nzito kuliko yote. Hivyo maikrofoni ni suala la nani anasikika na nani hasikiki.

Habari njema ni kwamba shida mara nyingi si maikrofoni. Mwaka 1962, wahandisi wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, James West na Gerhard Sessler, walibuni aina ya maikrofoni ndogo, ya bei nafuu na inayotumia umeme kidogo sana. Ndiyo iliyofanya maikrofoni iweze kuingia kwenye simu, kinasa sauti na waya wa spika za masikioni. Kwa hiyo maikrofoni iliyopo kwenye waya wako wa kawaida si kitu cha kudharau.

Kinachoiangusha ni umbali. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, nguvu ya sauti yako inayoifikia inaongezeka mara 4. Ukitoka sentimita 60 hadi 15, inaongezeka mara 16, huku kelele za kuku, watoto na bodaboda zikibaki vile vile. Hakuna maikrofoni ya kununua itakayokupa tofauti hiyo kwa bei ndogo. Weka maikrofoni chini kidogo ya mdomo, umbali usiozidi shubiri moja, pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja.

Cha pili ni chumba. Ukumbi mtupu wa sementi na bati unarudisha sauti. Chumba cha kulala chenye godoro, nguo na pazia kinaimeza. Tundika blanketi au khanga nyuma yako na mbele yako, na usirekodi mvua inapopiga bati. Nje kwenye upepo, funika maikrofoni kwa kipande cha sponji au kitambaa chepesi.

Ukishafanya hayo na bado unataka kununua, fuata mlolongo huu. Kwa mtu mmoja anayezungumza, maikrofoni ya kubana kwenye nguo yenye waya ndiyo nafuu na haihitaji chaji. Hakikisha pini yake ina pete tatu. Nyingi za pete mbili zimetengenezwa kwa ajili ya kamera, na simu haitaitambua bila kiunganishi. Kwa watu wawili wanaohojiana, au anayetembea, zisizo na waya zenye kipokezi cha kuchomeka kwenye simu zinafaa, mradi kipokezi kiendane na tundu lako. Baadhi ya simu zitakutaka kwanza uwashe OTG kwenye mipangilio ndipo zikitambue.

Usichanganye hizo na maikrofoni iliyo ndani ya spika za masikioni za bluetooth. Unapoifungua, bluetooth hubadilika kuwa kama simu ya kupigwa. Sauti inabanwa, inakosa uzito, na hata muziki unaousikia unashuka ubora. Ni nzuri kwa mazungumzo, haifai kurekodi kwaya.

Maikrofoni kubwa ya mkononi ya kanisani au ya muziki, yenye pini nene au pini tatu, haiwezi kuchomekwa kwenye simu moja kwa moja. Inahitaji mixa au kifaa cha kuunganishia, na gharama hiyo inaweza kuzidi ya maikrofoni yenyewe. Kwa kwaya yenye mixa tayari, ni chaguo zuri. Kwa mtu peke yake nyumbani, ni mzigo.

La mwisho ni namna ya kutuma. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili upite haraka. Kwa maoni ya dakika moja unatosha. Kwa wimbo au mahojiano, rekodi kwa programu ya kurekodi ya simu, hakikisha kwa kujaribu kwamba inatumia maikrofoni uliyochomeka (igonge kwa kidole, usikilize), kisha tuma faili kama waraka, si kama ujumbe wa sauti.

Nani anamlinda mnunuzi?

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu feki nchini. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya utambulisho, IMEI, inayosomwa na mtandao. Hedifoni na maikrofoni hazina IMEI. Hakuna mtambo wa kuzizima, na nembo kubwa zinaigwa kwenye boksi, kwenye kikasha, hata kwenye jina linalotokea bluetooth inapounganishwa. Kwa hiyo bidhaa ya nembo kubwa kwa bei ya kutupa haina fumbo. Bora ununue ya jina dogo iliyojaribiwa mbele yako, uombe risiti na waranti, hata ya wiki mbili. Muuzaji anayekataa usijaribu amekwisha kukujibu.

Lakini mnunuzi hawezi kuachiwa kila kitu. Simu haziingii sokoni hivi hivi. Mamlaka za mawasiliano za nchi zetu huzikagua na kuziidhinisha. Mamlaka hizo hizo zinaweza kutaka jambo dogo lisilomgharimu mtengenezaji: boksi liandikwe wazi kama simu ina redio ya FM, kama ina tundu la hedifoni, na kama tundu lake la Type-C linatoa sauti. Leo mambo hayo yamefichwa kwenye maandishi madogo, au hayapo kabisa, na mkulima anayagundua akiwa ameshafika nyumbani, kilomita nyingi kutoka dukani.

Mpaka hapo yatakapoandikwa, uliza mwenyewe kabla ya kutoa hela. Na waya wako wa zamani, hata kama umekufa upande mmoja, usiutupe. Uweke kwenye droo pamoja na tochi. Siku mtandao utakapokatika, ndio utakaokuletea taarifa.